Kidato Kiitwacho Pole

Nianze na hasira, kwa sababu nikianza na uzuri wa ile ngazi mtadhani nimekuja kuwabembeleza. Mtu mmoja aliikarabati ngazi ya mtaa wetu bila kumuuliza yeyote anayeipanda, akaipaka rangi, akapigwa picha, akaenda zake. Mama yangu akaanguka. Hayo ndiyo mambo yenyewe. Mengine nitakayosema ni ya kueleza kwa nini mpaka leo nikiona ndoo ya rangi ya samawati mikono inaniwasha.

Mtaa wetu ni wa zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, huku Eastlands ambako chumba kimoja kililea watoto wa humo ndani na wa kutoka ushago, kijijini, pia. Umekaa kwenye mteremko. Nyumba za juu ziko karibu na barabara, za chini ziko karibu na mto, na sisi tulikuwa wa chini. Katikati ni udongo mweusi, ule unaoganda kwenye viatu, na mvua ikinyesha kidogo tu mtu aliyetoka kwake na nguo za kanisa alifika barabarani na nguo za tope. Zamani kulikuwa na njia ya kuzunguka kando ya mto, lakini godauni likajengwa likaweka ukuta, na njia ikafia hapo. Tangu siku hizo sisi wa chini hatuna pa kupitia ila ngazi.

Ngazi yenyewe ni ndogo. Watu wawili wakikutana, mmoja anageuka ubavu. Ilijengwa na baba yangu na jirani yetu wa juu kabla mimi sijazaliwa, Jumamosi baada ya Jumamosi. Baba alikuwa mtu wa reli, ametoka magharibi, upande wa ziwa. Jirani alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, aliyeshinda mlangoni kwake akichonga twiga wa kuwauzia watalii. Baba alipata mataruma, yale magogo mazito yanayolazwa chini ya vyuma vya reli, yaliyokuwa yameng'olewa na kutupwa. Ungedhani mtu wa reli ndiye atakayeyatumia. Wapi. Baba alisema mataruma ameyaona ya kumtosha kazini, hataki kuyakanyaga tena akirudi nyumbani, akachukua mawe. Mataruma yakaenda kwa mchongaji. Baba akaanza chini kuja juu, mchongaji akaanza juu kuja chini, wakakubaliana kukutana katikati.

Walikutana, ndiyo, lakini vibaya. Baba alipima vidato vyake kwa rula ya kazini. Mchongaji alipima kwa shubiri, maana ndivyo alivyopima kila kitu maishani mwake, kuanzia shingo ya twiga hadi mlango wa choo. Walipofika katikati pakabaki pengo, halitoshi vidato viwili na linazidi kimoja. Mama anasema walisimama pale wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake akubali kubomoa. Baba akasema shubiri si kipimo cha mtu mzima. Mchongaji akasema rula ya reli ilitengenezewa gari-moshi, si miguu ya watu. Mwishowe wakaweka jiwe moja refu kuziba pengo, na baba akachimbia bomba la chuma kando yake la kushikilia, wakasema watarekebisha Jumamosi ijayo. Wote wawili wamekwisha kufa, mmoja akazikwa magharibi na mwenzake Ukambani, na hiyo Jumamosi haikufika.

Kwa hiyo ngazi yetu ilikuwa na kidato kimoja katikati kirefu kuliko vingine vyote. Sisi watoto wa pale tulijifunza kuinua mguu hapo kabla hatujajua kusoma. Ungeweza kushuka na ndoo kichwani huku unagombana na dada yako, na mguu ukafanya kazi yake wenyewe bila kukuuliza. Mgeni hakujua. Kila mgeni alijikwaa: wahubiri, wauza bima, askari waliokuwa wakiwakimbiza mama wa mboga, wachumba waliokuja na wazee wao kuposa. Na kila aliyejikwaa, yeyote aliyekuwa karibu alimwambia, "Pole, mgeni," akamletea kikombe cha maji. Wanasema aliyeanza ni mke wa mchongaji, kwa aibu ya kazi ya mumewe. Baadaye ikawa desturi ya wote, wa juu kwa wa chini. Ukishakunywa yale maji mtu alikuonyesha pa kuinua mguu, na kuanzia hapo ulikuwa wa pale.

Kidato chenyewe tukakiita Pole. "Ningoje hapo kwa Pole," tulikuwa tunaambiana. Mume wangu alianguka kwa Pole siku ya kwanza alipoletwa kwetu, suruali mpya ikapasuka gotini mbele ya wajomba zangu, na mama akampa maji akasema sasa ndio amefika. Hata yule askari mmoja mnene, aliyeanguka akiwafukuza mama wa mboga, alipewa maji yake kama wengine. Alikaa akanywa taratibu mpaka wanawake wote wakatokomea na vikapu vyao. Sijui kama alikunywa taratibu kwa maumivu au kwa huruma, lakini tangu siku ile alikuwa akitusalimia.

Na mchongaji hakuweza kuona mbao akaiacha bure. Kwenye ukingo wa kila taruma alichonga kitu kidogo: kuku, jembe, kobe, mkono wa mtoto. Lile lililokaribiana na mawe ya baba alilichonga samaki, kumtania baba kwa ajili ya ziwa lake, na baba alijifanya amekasirika. Sisi watoto tuligawana michongo hiyo. Mimi nilikaa kwa kobe, dada yangu kwa kuku, na ole wake mtu aketiye kwa kobe wangu. Miaka hii walikuwa wanakuja vijana na kamera kubwa, wanasema ngazi ina vaibu, wanalala chini kumpiga kobe picha huku mama akiwaruka na beseni la nguo. Walinikera, lakini angalau hao hawakuletea mtu saruji.

Saruji ililetwa na mgombea. Simtaji jina, hana jina linalostahili kutajwa hapa. Anatafuta kiti cha wadi, na aliambiwa na watu wake kwamba mtaa wetu una kura na hauna mradi. Mama alikuwa ameenda magharibi matangani, akakaa huko kidogo, na ni wakati huohuo fundi walipofika. Walivimwagia saruji vidato vyote vya chini, kila kimoja kiasi chake, mpaka vyote vikalingana, na Pole akatoweka. Mataruma ya juu yakasiribwa saruji ili yafanane na mawe. Kuku, kobe, samaki, wote wakazikwa. Bomba la baba likakatwa kwa grenda kwa sababu, walisema, linaharibu muonekano. Halafu rangi ya samawati na nyeupe, rangi za chama chake, na picha yake kwenye ukuta wa juu anacheka.

Na watu walipiga makofi. Siwezi kuficha hilo, ndilo linaloniuma. Majirani zetu wenyewe, waliojua kila jiwe, walisimama wakapiga makofi kwa sababu ya spika kubwa na soda.

Mimi ninakaa mtaa mwingine, unaoitwa Tena, na nilipita pale wiki hiyo kufungua nyumba ya mama ipate hewa. Nikishuka, katikati mguu wangu ulitafuta chini na kukuta kidato kimekuja mapema. Mshtuko ulipanda mpaka menoni. Nilisimama pale nikatazama mkono wangu: ulikuwa umenyooka pembeni, umeshika hewa. Nilimpigia simu mama palepale nimweleze. Simu yake ilikuwa imezimwa, na huko matangani hakuna mtu anayekumbuka kuchaji simu ya mwanamke mzee.

Alirudi Jumapili mchana bila kutuambia. Mama muuza mandazi aliye juu ya ngazi ndiye aliyemwona. Anasema mama alishuka akimsalimia kila mtu, ana mfuko wa mahindi mabichi ya kutugawia, akaisifu hata hiyo rangi. Alipofika katikati aligeuka ubavu, vile alivyogeuka tangu akiwa mke mbichi, akanyoosha mkono bila kutazama. Bomba halikuwepo. Alianguka mpaka chini na mahindi yakamtangulia.

Nyonga ilivunjika. Sitaeleza ya hospitali, kila mtu wa Eastlands anaijua benchi ile na ile harufu. Nitaeleza tu kwamba kuna watu walikuja kutuambia ni kazi ya Mungu. Niliwaambia Mungu hana grenda. Ndugu yangu alinivuta kando akaniambia nipunguze mdomo, hapa ni wodini, na mimi nikamwambia apunguze upole.

Mgombea naye alikuja. Alikuja na mpiga picha, unga, na mafuta ya kupikia, kana kwamba mgonjwa wa nyonga atasimama apike. Aliinama kwenye kitanda, akamshika mama mkono upande wa kamera, akasema yeye ni mtoto wa mtaa uleule, amezaliwa pale na kulelewa pale, na kwamba uchungu wa mama ni uchungu wake. Mama alimtazama usoni. Mama anawajua watoto wote waliowahi kukimbia mbele ya mlango wake, na mama zao, na nani aliiba maembe ya nani sokoni.

"Bomba langu liko wapi?" akamuuliza.

Alicheka. Akasema hilo litaangaliwa, mama apone kwanza. Nilimpokonya mkono wa mama yangu na nadhani picha hiyo hawakuitumia.

Mama alipotoka hospitali nilimpeleka kwangu Tena. Taratibu akaanza kutembea na mkongojo, kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi jikoni kunikosoa. Daktari alisema miguu iko sawa, atembee. Akasema yuko tayari kurudi kwake. Na kurudi kulikuwa na haraka, maana nyumba zile za kanjo zinaviziwa. Nyumba ikikaa imefungwa muda mrefu, watu wanaanza kuulizia, na siku moja unakuta kufuli si lako. Tayari mtu alikuwa amemuuliza muuza mandazi kama yule shosho mzee wa chini bado yuko hai. Ndugu yangu alisema mama apelekwe ushago, akapumzike. Dada yangu alisema abaki kwangu. Hakuna aliyemuuliza mama, na mimi nilipomuuliza alisema alizikia kitovu cha watoto wake wote kwenye ile nyumba na hatatolewa na rangi.

Nikampeleka. Tulifika juu ya ngazi, akashuka kidato cha kwanza, akashuka cha pili, akasimama. Alijaribu kidato kingine kwa ncha ya kiatu, akaurudisha mguu. Nikamwambia nimemshika. Akasema anajua nimemshika.

"Miguu yangu haiijui hii," akasema. "Nirudishe."

Mama yangu, aliyeshuka pale akiwa na mimba, akiwa na malaria, akiwa amebeba godoro, alirudishwa Tena akiwa analia kimyakimya kwenye teksi. Sijawahi kukasirika namna ile. Hasira nyingine huwa zinanitoka kwa maneno, mimi ni mtu wa kelele, watoto wangu watakuambia. Ile ilikaa kifuani na haikutaka maneno.

Nilimtafuta kitinda mimba wa mchongaji. Ni mtu mzima kama mimi sasa, anatengeneza vitanda na milango kando ya barabara, na ana ukimya wa baba yake. Nilimwambia nataka kumrudisha Pole. Hakuuliza mara mbili. Jumamosi tukashuka na nyundo na patasi, mimi, yeye, na mama wa chama chetu cha mazishi pale mtaani, ambao ndio mama walewale waliopiga makofi, na niseme ukweli kwamba nusu yao walikuja kwa kuona haya. Sikuwaambia eti si kitu. Niliwapa nyundo.

Kwanza tulitaka kujua bomba liko wapi. Nilikuwa nimekwenda kwa watu wa skrepu kule Mowlem, nikapekua malundo yao mpaka wakanichoka. Lilikwisha kuuzwa, likayeyushwa, huenda sasa ni fremu ya dirisha la mtu. Tulitumia bomba jingine.

Tukaanza kugonga. Saruji ya mradi ilitoka kama ganda la yai. Ilikuwa mchanga, saruji wameinusisha tu. Ilibanduka vipande vizima, na chini yake mawe ya baba yamekaa palepale, hayajatikisika. Nilitukana huku ninagonga. Mama wa chama wakaniambia nitukane polepole, kuna watoto.

Vijana wawili wa mgombea walitokea juu wamevaa fulana zake. Mmoja aliita kutoka kule juu, bila hata kushuka.

"Mathe, hiyo ni project ya mhesh. Mkiibomoa mtajibu."

"Shuka basi unikataze," nikamwambia.

Kitinda mimba hakuinua kichwa, aliendelea kusugua taruma kwa msasa. Mama muuza mandazi aliuliza wale vijana ni wa wapi, na mama zao ni nani. Mmoja akasema yeye ni wa Lucky Summer. Akaambiwa Lucky Summer ina ngazi zake, akazilinde. Wakazunguka pale juu kidogo na simu zao, wakapiga picha, wakaondoka.

Kuku alitoka kwanza, halafu jembe, halafu mkono wa mtoto. Kobe wangu alikuwa amepoteza mguu mmoja kwenye patasi ya wale fundi. Samaki alitoka mzima. Bomba lilipofika, kitinda mimba alianza kulipimia urefu kwa shubiri, na hapo ndipo nilipocheka siku ile. Nilimwambia apime kwa kitu cha maana. Akaniambia baba yake angepima hivyo. Ikabidi mama aletwe, akaketishwa juu ya ngazi kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha mkono kila bomba lilipoinuliwa, akisema chini, juu kidogo, hapana, baba yenu hakuwa mrefu hivyo. Aliporidhika tukalichimbia.

Tulingoja saruji ya chini ya bomba ikauke. Siku mama alipoteremka sikumshika, alikataa. Nilitangulia chini yake nikirudi kinyumenyume, tayari kumdaka. Alishuka kwa kuku, kwa jembe, kwa samaki. Kwa Pole aligeuka ubavu, akanyoosha mkono bila kutazama, na mkono ukakuta chuma. Mguu ukashuka ule mshuko mrefu, ukafika. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Hapo akauliza ni nani aliyefunga kufuli lake kwa kamba kama mbuzi.

Yangeishia hapo ningeridhika. Lakini kampeni hazina haya. Mgombea alirudi Jumapili moja alasiri, na watu wake, na spika juu kwenye gari. Sijui kama wale vijana walimwonyesha picha zao. Nadhani hakuzitazama, kama ambavyo hakuitazama ngazi yenyewe. Rangi ya samawati ilikuwa bado imebaki kwenye kuta za pembeni, kwa hiyo kwa mtu wa gari pale palikuwa mradi wake uleule. Alianza kushuka mbele ya wote, mikono juu, akisema kwenye maikrofoni kwamba hana haja ya kuonyeshwa njia hapa, yeye ni mtoto wa hapa, ngazi hii ameipanda mbio akiwa hajavaa hata viatu.

Hakuna aliyemwonya. Nilikuwa nimesimama chini na mama ameketi kwenye kigoda mlangoni, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema kitu. Nilifunga mdomo wangu, huu huu wa kelele.

Alipofika kwa Pole alianguka kwa magoti, na maikrofoni ikafika kwetu kabla yake. Spika ilipiga ukelele mmoja ikanyamaza. Wale wa juu walitazama wale wa chini, na wale wa chini walikuwa wanamtazama mama. Mtu aliyelelewa pale angetoka tumboni akimjua Pole. Kila aliyekuwa pale aliliona hilo kwa wakati mmoja, na hakuna aliyecheka.

"Pole, mgeni," mama akasema.

Alisema kwa adabu, vilevile alivyowaambia wote. Halafu akaniambia nimletee maji. Sikutaka. Nilitaka aondoke na kiu yake. Mama akanitazama mara moja tu, nikaingia ndani nikajaza kikombe, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, hasira imenijaa. Alikunywa. Suruali yake ilikuwa imechanika gotini. Alitazama ngazi, akatazama watu waliojaa kule juu na simu zao. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna njia nyingine ya kutokea.

Mama ndiye aliyemjibu. Alimwambia hakuna, ni hiyo hiyo, na akifika pale katikati ainue mguu.